Ukienda Kusoma Italia Kutoka Keza, Nenda na Mikono Yako

Nilikaa Perugia Jumapili tisa bila kuona kitu. Nilikuwa na sababu ambazo kila kijana aliyetoka Ngara kwenda kusoma ng'ambo atazitambua: fedha za ufadhili zilikuwa hazijaingia, Kiitaliano kilikuwa hakijakaa mdomoni, na nyumbani watu walikuwa wameuza ng'ombe ili nisome. Kwenda kutazama ngoma za watu nilikuona sawa na kula jasho la wazazi. Jumapili ya kumi ilikuwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi Novemba. Mama mwenye nyumba aligonga mlango akanieleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwamba parokia yao inachoma castagne, zile kokwa za vuli wanazozichoma motoni kama sisi tunavyochoma mahindi, na kwamba wamepungukiwa na watu wa kubeba mabenchi. Nikabeba mabenchi. Ilipofika saa tatu usiku nilikuwa nimeketi kati ya wazee wawili wanaobishana juu ya divai mpya ya mwaka huo, vidole vyangu vyeusi kwa masizi, na nilikuwa nimesikia Kiitaliano kingi kuliko nilichosikia darasani mwezi mzima.

Mwongozo huu ni wako wewe mdogo wangu unayejiandaa kuondoka, uwe wa Keza, wa Rulenge au wa Biharamulo. Wapo watakaokwambia kwamba sanaa na matamasha ni mambo ya watalii wenye fedha. Si kweli. Kule Italia sanaa iko kanisani, uwanjani na jikoni kwa watu, na sehemu kubwa yake hailipiwi. Kinachotakiwa ni kuingia kama tunavyoingia kwenye harusi kwetu. Nani huku huenda kwenye harusi ya jirani mikono mitupu? Huyu analeta kuni, yule mkungu wa ndizi, mwingine anakamata ndoo na kwenda kuchota maji kabla hajaulizwa. Anayesimama pembeni akitazama tu ni mpita njia. Adabu hiyo unayo tayari, na huko inafungua milango mingi kuliko tiketi.

Kabla hujaondoka nyumbani

Watakuuliza unatoka wapi. Ukisema Tanzania watajibu Zanzibar, kwa kuwa ndiko Waitaliano wengi wanakokwenda likizo. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa na la kusema juu ya kwenu. Mimi niliulizwa jina la kijiji changu na maana yake, nikaeleza kwamba katika lugha zetu za mpakani, Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda, neno keza husifu kitu kizuri. Mzee mmoja alilirudia jina hilo mpaka usiku ulipoisha.

Kwa hiyo, kabla ya safari, jifunze wimbo mmoja wa Kihangaza au wa Kishubi kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na makofi yake. Si ubeti mmoja. Mezani wataimba, kisha watakugeukia, na ukisema huna wimbo watasikitika kwa ajili yako. Mwombe mama au shangazi akufundishe namna ya kuanza kitako cha kikapu, hata kama kikapu chenyewe hutakimaliza. Simama Rusumo uone Kagera inavyoanguka. Pita Biharamulo ulitazame boma la Wajerumani, uulize nani alibeba mawe yake. Mtu aliyezoea kuyauliza majengo ya kwao maswali ya namna hiyo atayauliza na ya Roma.

Kwenye begi weka kitenge na kikapu. Usiweke nyama iliyokaushwa wala samli, hata ile ya bibi: sheria za Umoja wa Ulaya zinamkataza abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nje, na samli ni maziwa. Matunda mengi mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, lakini yapo matunda 5 yaliyosamehewa, nayo ni nanasi, nazi, doriani, tende na ndizi. Ndizi zetu zinaingia bila karatasi.

Karatasi zako wewe ndizo zinazodaiwa. Ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie Italia unatakiwa uombe kibali cha kuishi, wanachokiita permesso di soggiorno. Bahasha ya fomu unaichukua posta, unairudisha posta, na unapewa risiti. Kibali chenyewe huchukua muda mrefu kutoka, kwa hiyo risiti hiyo ndiyo itakayokulinda kwa miezi. Tembea nayo pamoja na pasipoti hata unapokwenda kwenye sherehe ya kijiji cha jirani. Viza yako ikishakwisha muda wake, usivuke mpaka kwenda kwenye tamasha la Ufaransa au Austria ukitegemea risiti peke yake. Italia ni kubwa vya kutosha.

Kalenda mbili ukutani

Sherehe nyingi kubwa zinaangukia katika majira ya mitihani, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema mno. Mitihani ya vyuo vya Italia hufanyika Januari na Februari, halafu Juni na Julai, halafu Septemba. Kanivali ni Februari. Mbio za farasi za Siena ni tarehe 2 Julai. Lakini utaratibu wao si kama wetu. Somo moja huwa na tarehe zaidi ya moja za mtihani, kila tarehe huitwa appello, na wewe ndiye unayejiandikisha kwa ile unayoitaka. Mitihani mingi ni ya mdomo, uso kwa uso na mwalimu. Ukipanga kwa akili unaweza kufanya mtihani tarehe 28 Juni ukapanda treni ya kwenda Siena moyo wako ukiwa mweupe.

Bandika basi kalenda mbili ukutani, ya mitihani na ya sherehe, uzisome pamoja mwanzoni mwa muhula. Kama unasoma kwa ufadhili wa mkoa, kwenye kalenda hizo andika kwa wino mwekundu tarehe ya mwisho ya kukusanya krediti. Kwa kawaida mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa awe na krediti 20 kufikia tarehe 10 Agosti, ila kila mkoa hutoa tangazo lake na ni lazima ulisome lote. Hakuna ngoma inayostahili kukupotezea ufadhili.

Na saa zao uzizoee mapema. Bango likisema tamasha linaanza ore 21, hiyo ni saa tatu usiku kwetu. Namjua mtu aliyekosa onyesho kwa kuichanganya saa 8 yao na saa nane yetu.

Anza na mtaa unaoishi

Huu ndio moyo wa mwongozo wangu, na nitakaa hapa kidogo.

Neno la kwanza la kujifunza ni sagra. Ni sherehe ya mji mdogo au kijiji kwa ajili ya chakula kinachotoka hapo: uyoga, kitunguu, samaki, castagne, zabibu zinapovunwa. Meza ndefu hupangwa uwanjani, akina mama hupika kwenye masufuria ambayo mtu wa Ngara angeyatambua mara moja, na sahani ya chakula mara nyingi huwa rahisi kuliko mgahawani. Usiku kuna muziki na wazee hucheza wawili wawili. Fedha zinazopatikana hurudi kijijini, kwenye timu ya mpira, kanisa au gari la wagonjwa. Katika miji mingi midogo wanaoandaa ni chama cha wenyeji kiitwacho Pro Loco. Chama hicho huwa na ofisi, na ofisi hiyo haina siku ambayo haihitaji vijana wenye nguvu.

Nenda kwenye ofisi hiyo wiki moja kabla ya sagra useme maneno haya: Posso dare una mano? Maana yake, naweza kutoa mkono? Kwa Kiitaliano, kama kwetu, msaada ni mkono. Watakupa aproni, watakupa kazi ya kupeleka sahani mezani, na ukimaliza watakulisha. Utakuwa umefahamika kwa jina. Kesho yake muuza mkate atakusalimu. Mwenzangu mmoja kutoka Karagwe alipata chumba cha bei nafuu kwa njia hiyo baada ya kuhangaika miezi mitatu. Mwenye nyumba alikuwa amekataa kumpangisha mgeni asiyemjua, lakini hakuweza kumkataa kijana aliyeosha naye sufuria.

Baada ya sagra, ujue siku ya mtakatifu mlinzi wa mji wako. Kila mji unaye, na siku yake ofisi na vyuo vya mji huo hufungwa hata kama kwingine kote ni siku ya kazi. Firenze, Torino na Genova humheshimu Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Roma husherehekea Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Bologna Petronio tarehe 4 Oktoba, na Milano Ambrosi tarehe 7 Desemba, siku ileile ambayo jumba la opera la La Scala hufungua msimu wake. Napoli hukusanyika tarehe 19 Septemba kuisubiri damu ya Mtakatifu Januari iyeyuke ndani ya chupa yake, na Catania huzunguka na Mtakatifu Agata kuanzia tarehe 3 hadi 5 Februari. Wewe hata kama si Mkatoliki, usikae ndani siku hiyo. Mji wote unatoka kujionyesha ulivyo.

Kati ya zote nilizoziona, iliyonigusa zaidi ni ya Spello, mji mdogo wa mawe karibu na Assisi, siku ya Ekaristi Takatifu. Aliyelelewa katika parokia zetu anakumbuka watoto wakitangulia mbele ya Sakramenti na vikapu, wakimwaga maua njiani. Spello wanafanya jambo hilohilo, lakini wamelifanya kuwa sanaa ya mji mzima. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo watu huchambua maua, petali moja moja, wakizitenga kwa rangi. Jumamosi jioni vichochoro vinafungwa, makundi yanapiga magoti juu ya lami, na usiku kucha wanajaza picha kubwa zilizochorwa chini: nyuso za watakatifu, njiwa, mawimbi. Maua ndiyo rangi yao, mabichi au makavu. Niliomba nafasi kwenye kundi moja, nikapewa ungo wa petali za njano na pembe ya vazi la malaika. Asubuhi askofu alipita na Sakramenti, na msafara ulikanyaga juu ya kazi yetu yote. Msichana aliyekuwa karibu nami alikuwa hajalala siku mbili. Nilimwuliza kama haimuumi. Alishangaa swali lenyewe, akasema ndiyo maana wameitengeneza.

Ukitaka kwenda, treni ya mkoa kutoka Perugia inakufikisha. Nenda Jumamosi, usingoje Jumapili, maana usiku ule ndio sherehe yenyewe. Vaa suruali usiyoihurumia magotini, na beba koti, kwani vilima vya Umbria vina baridi usiku hata mwezi Juni.

Neno kwa ndugu zangu Waislamu na wengine wasiokula nguruwe. Umbria na mikoa ya jirani ni nchi ya porchetta, nguruwe mzima anayebanikwa na majani yenye harufu. Neno la kuuliza ni maiale. Uliza pia strutto, mafuta ya nguruwe, kwa kuwa yanaingia hata mahali usipoyategemea: mkate bapa wa piadina kule Romagna kwa desturi hukandwa nayo. Hakuna atakayeudhika ukiuliza. Na kuhusu divai, wenyeji hunywa taratibu na chakula. Kulewa mbele ya watu ni aibu kwao kama ilivyo aibu kwa kijana wa kwetu kulewa rubisi mbele ya wakwe.

Sherehe kubwa

Siena, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, hukimbiza farasi kuzunguka uwanja wa Piazza del Campo mara tatu, na mbio zote huisha katika muda wa kama dakika moja na nusu. Mji una mitaa 17 yenye bendera na makanisa yake, na 10 tu hukimbia kila mara. Farasi huingizwa kanisani kubarikiwa. Akimwangusha mpanda farasi na kufika wa kwanza peke yake, ushindi ni wa mtaa wake. Viti vya pembeni ni ghali sana, lakini kusimama katikati ya uwanja ni bure. Ingia mapema alasiri ukiwa na maji na kofia, na ujue kwamba ukishaingia si rahisi kutoka kwenda msalani. Kama una siku nne, ni bora zaidi: nenda kwenye majaribio yanayotangulia na ukae kwenye mtaa mmoja. Mtu asiye na mtaa haoni chochote pale zaidi ya vumbi.

Gubbio, tarehe 15 Mei, wanaume hubeba nguzo tatu kubwa za mbao wakikimbia nazo mlimani hadi kanisa la Mtakatifu Ubaldo. Ivrea, wakati wa kanivali, watu hurushiana machungwa kwa nguvu kweli, na mtazamaji huvaa kofia nyekundu ili ajulikane kuwa hayumo vitani. Nunua kofia hiyo kabla hujafanya jambo jingine lolote. Venezia ina barakoa zake, na kutembea barabarani kuzitazama hakulipiwi.

Kusini, mwishoni mwa Agosti, uwanja wa Melpignano katika Salento hujaa watu kwa ajili ya La Notte della Taranta, tamasha lililoanza 1998 na ambalo kuingia ni bure. Ngoma yake ni pizzica, inayochezwa kwa matari. Zamani ilipigwa kwa ajili ya mtu, mara nyingi mwanamke, aliyesemekana ameumwa na buibui: alichezeshwa mpaka maradhi yamtoke. Wazee wetu wa pande hizi walizijua ngoma za tiba, na mapadri waliowakemea hawakuambiwa kwamba kule Ulaya kwenyewe zilikuwapo. Nenda ukasikilize matari yale. Miguu yako itaelewa kabla ya kichwa.

Kwa safari zote hizi panda treni za mkoa, zinazoitwa regionale, uachane na zile za kasi ambazo bei yake ni mara mbili na zaidi. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini ukiwa na tiketi mkononi. Migomo ya usafiri ni ya mara kwa mara, lakini siku za kazi treni fulani za mkoa hulazimika kutembea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Panga safari ndani ya saa hizo ukisikia neno sciopero. Katikati ya Agosti, kuzunguka sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, maduka mengi na bwalo la chuo hufungwa. Weka unga na maharage ndani.

Sanaa isiyodai fedha

Ukifika Roma, usianze na foleni ndefu. Vuka mto uende Trastevere, kanisa la San Francesco a Ripa. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Kila kardinali hukabidhiwa kanisa moja la Roma, na yeye alikabidhiwa hili. Ndani, kwenye kikanisa cha upande wa kushoto, kuna sanamu ya marumaru ya Mwenyeheri Ludovica Albertoni iliyochongwa na Gian Lorenzo Bernini alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwanamke amelala, mkono kifuani, nguo zimevurugika kama maji ya mto, na huwezi kusema kama anakufa au anaomba. Kaa hapo nusu saa. Hakuna anayekudai kitu.

Kisha tembea hadi Sant'Agostino, karibu na Piazza Navona. Caravaggio alichora humo Bikira Maria amesimama mlangoni na mtoto, na mbele yake wamepiga magoti mahujaji wawili maskini. Nyayo za mwanamume zimekuelekea wewe mtazamaji, na ni chafu. Watu wa wakati ule walilalamika. Mimi niliyatazama matope yale nikakumbuka nyayo za watu waliotembea usiku kuja misa ya Pasaka. Hatua chache kutoka hapo, San Luigi dei Francesi, kuna picha tatu za mchoraji huyohuyo juu ya Mtakatifu Mathayo. Beba sarafu: kikanisa huwa gizani mpaka utumbukize moja kwenye kisanduku cha taa. Mose wa Michelangelo yuko San Pietro in Vincoli, bure pia. Makanisa mengi hufungwa mchana, kuanzia kama saa sita hadi saa tisa au kumi. Funika mabega na magoti, na misa ikianza, kaa uisali au utoke. Usizungukezunguke.

Makumbusho ya serikali ndiyo yanayolipiwa, na hapa kuna jambo la kuliweka wazi. Punguzo kubwa la vijana wa miaka 18 hadi 25, ambao hulipa euro 2, ni la raia wa Umoja wa Ulaya. Wewe wa Tanzania utadaiwa bei kamili hata kama umri wenu ni mmoja na darasa lenu ni moja. Inauma. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali ni bure kwa kila mtu, na vilevile tarehe 25 Aprili, 2 Juni na 4 Novemba. Makumbusho ya Vatikani yana siku yake, Jumapili ya mwisho ya mwezi, asubuhi. Na kama umejiandikisha kusoma usanifu majengo, akiolojia, historia ya sanaa au uhifadhi wa urithi, onyesha kitambulisho cha chuo dirishani, kwani kanuni inawapa wanafunzi wa fani hizo kiingilio bure bila kutazama pasipoti. Wauza tiketi wengine hawaikumbuki. Iulizie kwa upole, mara mbili. Jumatatu kaa usome: makumbusho mengi hufungwa.

Venezia, na sisi wenyewe

Tangu 1895 mji wa Venezia una maonyesho ya sanaa ya dunia, Biennale. Ya sanaa za uchoraji na uchongaji sasa hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake, kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, ikapata sifa maalumu ya majaji. Kerunen hufanya kazi na wanawake wasukaji. Vitu vyake ni ukindu na nyuzi za migomba, yaani kile ambacho shangazi yako anakisuka barazani akingoja mvua ipite. Mwaka 2019 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alionyesha humo picha zake anazozichora juu ya lubugo, gome la mti linalopondwa mpaka liwe nguo, ambalo wazee wa Kagera walilivaa. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza.

Nasema haya ili ujue unakwenda kutazama nini. Kikapu ulichobeba begini si zawadi ya kumpa profesa tu. Ni mlango wa mazungumzo na watu wanaofikiri juu ya nyuzi na mikono kwa maisha yao yote.

Tiketi ya Biennale ina bei ya wanafunzi. Mabanda mengi ya nchi yaliyotawanyika mjini, nje ya kumbi zake kuu za Giardini na Arsenale, huingii kwa tiketi. Lala Mestre au Padova, si kisiwani. Tangu 2024 Venezia hutoza ada kwa wageni wa kutwa katika siku fulani za mwaka, kwa hiyo angalia tarehe kabla. Na ukiwa pale, ingia Gallerie dell'Accademia uitafute picha ya Vittore Carpaccio ya muujiza wa Msalaba pale Rialto, ya miaka ya 1490. Kwenye mtumbwi wa mbele kuna mpiga kasia mweusi, amevaa vizuri, ana manyoya kofiani. Tulikuwapo zamani. Palermo hata mmoja wa walinzi wa mji ni Mtakatifu Benedikto Mwafrika, mwana wa watumwa, aliyefariki 1589. Livorno utaona upande wa pili wa habari hiyo: sanamu nne za shaba za watu waliofungwa minyororo chini ya miguu ya mtawala. Zitazame zote.

Kutazamwa

Kwenye vijiji utatazamwa. Mara nyingi ni macho ya mtu asiyezoea, na salamu inayamaliza: sema buonasera wewe wa kwanza, kama ungemsalimu mzee barabarani Keza. Mara nyingine si hivyo. Ubaguzi upo, na sitakudanganya kwamba sahani za sagra zinaufuta. Usiende peke yako usiku kwenye mikusanyiko ya mpira au ya siasa. Ukitukanwa, ondoka ukiwa na shahidi. Ukitishiwa, piga 112. Usikubali tukio moja likurudishe chumbani kwa Jumapili nyingine tisa.

Na wewe walete kwako. Siku moja katika muhula pika ndizi na maharage, waite jirani na wanafunzi wenzako, vaa kitenge, imba ule wimbo. Ukiwa Napoli pita chuo kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili kinafundishwa na ambako marehemu Elena Bertoncini Zúbková alifundisha kwa miaka mingi. Kitabu chake juu ya fasihi ya Kiswahili kilitoka 1989. Wanafunzi wa huko wanatafuta mtu wa kuongea naye, na wewe umebeba lugha hiyo bure. Verona ina tamasha la filamu za Kiafrika tangu 1981, na Milano ina lake tangu 1991. Yote mawili ni mahali pazuri pa kuomba kujitolea.

Weka daftari. Andika namna Spello wanavyogawana kazi ya maua, namna Pro Loco wanavyotunza hesabu za sagra, namna mtaa wa Siena unavyomfundisha mtoto wa miaka saba kupiga ngoma ya bendera. Ngara ina ngoma, ina wasukaji, ina mavuno, na haina sherehe ya mwaka ambayo mtu wa Mwanza angepanda basi kuja kuiona. Utakaporudi, tutakuuliza juu ya hilo.

Kwa sasa anza na karibu. Mabenchi ya sagra hupangwa kuanzia saa kumi alasiri. Fika saa tisa na nusu.